Zawadi na Sikio

Kukipenda kitu kilichopata zawadi si kosa. Kosa ni kukipenda kwa sababu ya zawadi peke yake. Jambo hili lilinijia Mhezi, katika milima ya Upare upande wa Same, ambako marafiki watano tulikusanyika siku tatu nyumbani kwa mwalimu mmoja. Siku mbili tulitazama sinema zenye sifa, na ya tatu picha za sherehe ya Oscar iliyofanyika tarehe 12 Machi 2023. Nje palikuwa na baridi, ndani palikuwa na makande.

Sinema ya kwanza ilikuwa Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapwa mwaka 1999. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 ikatwaa Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia. Tanzania iliipeleka kushindania Oscar, jambo ambalo halijatendeka tangu sinema ya Maangamizi, miaka ishirini na zaidi nyuma. Lakini haikuingia katika tano za mwisho.

Mwenyeji wetu amefundisha riwaya hiyo kidato cha tano na sita, kwa hiyo hakuwa mpole. Alisema Denge wa kitabuni ni mtu wa maneno na mikutano, na huyu wa sinema ni mtu wa mapenzi zaidi. Ukoloni wa Unguja ya miaka ya 1950 umekuwa pazia la nyuma ya Yasmin na mpenzi wake. Hoja yake ina nguvu. Hata hivyo naona alipima kwa jicho la msomaji. Mwajuma aonyeshwapo, kile Kiswahili cha Unguja, mikato yake na mizaha yake, hufanya kazi ambayo kurasa haziwezi kuifanya. Tulicheka kabla maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayajakwisha. Wala tusijisifu mno: mzee mmoja kati yetu, ambaye nyumbani husema Chasu, aliuliza maana ya maneno mawili matatu.

Siku ya pili viti viligeuka. Tulitazama All Quiet on the Western Front ya Edward Berger, iliyotokana na riwaya ya Remarque, nasi sasa ndio tuliokuwa tukisoma maandishi ya chini. Ni kazi kubwa: matope yake, sauti yake, hofu yake. London iliipa zawadi saba, na Oscar zikawa nne. Lakini wahakiki wengi wa Ujerumani, wenye lugha na kitabu chao, waliisema kwa ukali, na nadhani najua sababu. Katika riwaya askari kijana hupewa likizo, akarudi kwao, akashindwa kumweleza mama yake aliyoyaona. Sura hiyo, iliyo moyo wa kitabu, imeachwa. Mahali pake wamewekwa wakubwa wanaojadiliana amani ndani ya behewa la treni. Asiyekisoma kitabu haoni pengo.

Mwisho wa sinema yule mzee aliuliza, "Mwalimu, na wapagazi wetu wako wapi?" Vita vile vilipita chini ya milima hii mwaka 1916, majeshi ya Smuts yalipowafukuza Wajerumani kando ya reli ya Usambara; na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kwa Berger swali hilo si la haki, kwani alikuwa akisimulia Ufaransa. Kwetu ni la haki kabisa, na hapana aliyelijibu.

Juu ya sherehe yenyewe sina mengi: nguo, machozi, shukrani ndefu. Matokeo tuliyajua, kwa kuwa ilikwisha zamani. Bado tulinyamaza bahasha ilipofunguliwa, kana kwamba jina la Vuta N'kuvute lingeweza kutoka humo. Iliposomwa Ujerumani, mmoja wetu alipiga makofi, naye alistahili kuyapiga. Mzee alikuwa amekwisha sinzia. Mwalimu aliizima sherehe kabla ya zawadi kubwa, akairudisha sinema ya Unguja mahali Mwajuma asemapo, akatuomba tusisome chochote chini.