Ratiba ya Reli Ihesabiwe Tangu Lini na Mpaka Lini?

Kwa kipimo cha kawaida, ubishi kati ya reli ya kisasa (SGR) ya Kenya na ya Tanzania ulikwisha zamani. Treni ya abiria ya Mombasa–Nairobi ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, kabla ya muda uliopangwa. Kipande cha Dar es Salaam–Morogoro, ambacho mkataba wake ulisainiwa Februari 2017 kwa miezi 30, kilipokea abiria wake wa kwanza Juni 2024. Kenya iliwahi, Tanzania ikachelewa kwa zaidi ya miaka minne. Lakini kipimo hicho huanza kuhesabu siku mkandarasi anapoingia saiti, na huacha kuhesabu siku rais anapokata utepe. Katika mradi wa reli, sehemu kubwa ya gharama huwa imeshaamuliwa kabla ya siku ile ya kwanza, na faida hujulikana muda mrefu baada ya hiyo ya pili. Anayetazama katikati tu atampongeza mkandarasi, na hatajua kama nchi imepata ilichokilipia.

Tuanze na jinsi Kenya ilivyowahi. Mwaka 2009 kampuni ya China Road and Bridge Corporation iliingia makubaliano na serikali ya kufanya upembuzi yakinifu kwa gharama zake yenyewe. Mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ikapewa kazi ya ujenzi bila zabuni ya ushindani, na Benki ya Exim ya China ikatoa mkopo wa takriban asilimia 90 ya gharama. Kiuhandisi mpango huo una nguvu zake: fedha zipo, mchoro ni mmoja, na mkandarasi hakai akisubiri hati ya malipo ipite wizarani. Udhaifu wake ni kwamba aliyepima kazi ndiye aliyeijenga, na hapakuwa na bei ya pili ya kulinganisha na yake. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2020 kwamba sheria ya ununuzi ilikiukwa. Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo mwaka 2023. Uhalali umekwisha kuamuliwa, basi. Bei ni swali jingine, na mahakama haina kazi ya kulijibu.

Hapa wakosoaji wengi wa reli ya Kenya huteleza. Huchukua shilingi bilioni 327 za Kenya, kama dola bilioni 3.8, wakazigawa kwa kilomita 472 na kupata dola milioni 8 kwa kilomita. Kisha huchukua dola bilioni 1.2 za Dar–Morogoro, wakagawa kwa kilomita 300 na kupata milioni 4. Mara mbili kamili! Hesabu hiyo haisimami. Kati ya kilomita 300 hizo, 95 ni njia za kupishania na za stesheni. Njia kuu ni kilomita 205, kwa hiyo bei halisi inakaribia dola milioni 6. Kwa upande wa Kenya, kama dola bilioni 1.15 zilikuwa za vichwa, mabehewa na vifaa, vitu ambavyo Tanzania ilivinunua kwa mikataba ya pembeni, mingine na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Ukiziondoa, pengo la ujenzi karibu linatoweka, ingawa bei ya Tanzania inajumuisha nyaya za umeme na ya Kenya ni ya treni za dizeli.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu ushindani unatoka ndani ya Tanzania yenyewe. Vipande vya kwanza vilishindaniwa. Baadaye Tabora–Isaka, kilomita 165 pamoja na njia za kupishania, kilisainiwa mwaka 2022 kwa takriban dola milioni 900, yaani kama milioni 5.4 kwa kilomita dhidi ya zile milioni 4 za Dar–Morogoro kwa hesabu ileile. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) alikosoa ununuzi huo wa chanzo kimoja. Mtu atasema bei ya chuma ilipanda dunia nzima baada ya Uviko, na ni kweli. Lakini zabuni ndiyo ingetuonyesha ni kiasi gani cha ongezeko hilo ni chuma na kiasi gani ni kukosa mshindani. Bila zabuni, hata mwenye nia njema serikalini hawezi kukitenganisha.

Sasa twende mwisho wa ratiba. Reli ya Mombasa–Nairobi ilisanifiwa kubeba tani milioni 22 za mizigo kwa mwaka. Miaka mitano baada ya kuanza kubeba mizigo, ilikuwa ikibeba takriban milioni 6. Fuata kontena moja uone sababu. Linashushwa melini Mombasa, linapakiwa kwenye behewa, linafika bandari kavu ya Embakasi, linashushwa tena, kisha linatafutiwa lori la kulipeleka ghalani kwa mwenyewe. Likiwa tupu linarudishwa Mombasa. Lori la kutoka bandarini lingelifikisha mlangoni kwa kupakia mara moja. Serikali ilijaribu kulazimisha mizigo ipite relini mwaka 2019, na Mahakama Kuu ikafuta agizo hilo mwaka uliofuata. Reli yenyewe iliishia Naivasha mwaka huohuo wa 2019, ilhali mzigo wa Uganda unataka kufika Malaba.

Wapo wanaosema kuchelewa nako ni gharama, na wana haki. Mkopo unazaa riba reli ikiwa haijaingiza hata senti, na kwa miaka ile yote abiria wa Morogoro waliendelea kusongamana barabarani wakati wenzao wa Mombasa wanapanda treni. Simtetei mchelewaji. Nasema tu kwamba Tanzania nayo haijafika: treni za mizigo zilianza mwaka 2025 na zinaishia Dodoma, wakati mzigo wa Rwanda, Burundi na Kongo unahitaji Isaka na Kigoma.

Mtihani unaofuata uko karibu. Januari 2025 ulisainiwa mkataba wa dola bilioni 2.15 wa reli ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, penye nikeli. Uvinza iko kwenye njia ya Tabora–Kigoma, ambayo nayo inategemea Makutupora–Tabora. Mkandarasi wa Musongati anaweza kumaliza kazi yake kwa wakati, kwa bei ileile aliyosaini, na bado madini yakakwama Uvinza. Kwa hiyo tarehe ya kuwekwa kwenye bango la mradi huo, na ya kuulizwa bungeni Dodoma na Bujumbura, ni ile ambayo nikeli itapakiwa melini Dar es Salaam.