Mkono Unaosubiri Breki Zipoe

Al Quoz, Dubai, ni mtaa wa magereji na maghala. Katika gereji moja ya huko nilimkuta kijana wa Likoni amekaa kwenye kigoda mbele ya gurudumu la Porsche 911, mikono mitupu. Ndoo mbili ziko kando yake, brashi zimepangwa juu ya taulo, bomba la maji limefungwa. Gari lilikuwa limeingia punde tu, na joto la breki lilimfikia hata aliyesimama mbali kidogo. Nikamuuliza anangoja nini.

"Zipoe kwanza, mzee. Hizi ukizimwagia maji zikiwa moto, umezionea."

Akaendelea kungoja, nami nikapata hamu ya kumsifu mtu kwa kungoja kwake. Huku kwetu kuosha gari huhesabiwa kazi ya aliyekosa kazi. Anayesema hivyo hajaona diski ya kauri ya kaboni ikihudumiwa na mtu anayeijua.

Breki za kaboni zilitangulia angani. Concorde ilitua kwazo, na mwaka 1976 timu ya Brabham ikaanza kuzijaribu kwenye Formula 1. Hizi za barabarani ni ndugu zao wa baadaye: nyuzi za kaboni zilizonyweshwa silikoni iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya sentigredi 1,400, zikageuka kauri ngumu kupita chuma, na uzito wake ukawa karibu nusu ya ule wa chuma. Porsche iliziingiza kwenye 911 mwaka 2001, na Ferrari Enzo ya mwaka 2002 ikatoka nazo kiwandani.

Itazame diski yenyewe kwa karibu. Haing'ai kama ya chuma. Uso wake ni wa kijivu cheusi, na ndani yake vipande vya nyuzi vimelala huku na huku, kama miyaa iliyokatwakatwa ikamwagwa sakafuni. Kwenye nyingi zilizotengenezwa na Brembo, katikati pale inaposhikana na gurudumu, pamechongwa uzito wa chini unaoruhusiwa, kwa sababu diski hii hupimwa kwenye mizani: joto kali linaila kaboni ndani kwa ndani huku unene ukibaki vilevile. Ndiyo maana jicho peke yake halitoshi. Seti ya diski nne huweza kugharimu zaidi ya gari zima la mtumba, na ukingo wa diski ukimeguka hauunganishwi tena.

Kijana alipoinuka hatimaye, alianza na maji peke yake, ya bomba, yakishuka polepole kuondoa mchanga. Mashine ya presha ilikuwepo pale ukutani, hakuigusa. Kisha akatia sabuni isiyo na asidi kwenye brashi, wala hakuipulizia kwenye gurudumu, maana ukipulizia kati ya mikono ya rimu huwezi kujua dawa inaishia wapi. Alisugua uso wa rimu, akapitisha brashi nyembamba nyuma, mpaka ndani kabisa ambako mwenye gari hataangalia maisha yake yote. Kalipa ya manjano, ile inayobana pedi, aliifuta kwa kitambaa laini. Diski yenyewe haikupata kingine ila maji safi. Mafuta ya kung'arisha tairi aliyapaka kwa sponji, kidogo sana, mbali na breki, kwa kuwa yakirukia diski hunywewa na pedi, na pedi iliyokunywa mafuta haishiki.

Gurudumu la nyuma lilihitaji kutolewa. Alifungua bolti moja, akachomeka pini ndefu ya kuongozea, ndipo akafungua zilizobaki, akalivuta gurudumu likiteleza juu ya pini moja kwa moja, bila kugonga. Nimeona mafundi wa magereji mengi wakilichomoa kwa teke. Teke hilo kwa chuma si kitu. Kwa kauri ni hasara ya maelfu ya dola, na mara nyingi hakuna atakayekiri.

Baada ya kukausha, aliliendesha gari ndani ya uwanja, mwendo wa chini, akigusa breki kidogo kidogo. Diski zilizolowa huchelewa kushika mara ya kwanza. Mtu anayekabidhi funguo bila kufanya hivi amekabidhi hatari, na mwenye gari huenda akaijua kwenye taa za kwanza barabarani.

Kinachoniuma ni kwamba kijana huyu aliyefundishwa haya ananiambia wanafunzi hawaji tena. Wanaokuja wanataka kujua dawa gani kali inamaliza rimu kwa dakika tano. Mwenye gari naye anapiga simu akiuliza kwa nini limechelewa, ilhali amelipa pesa nyingi kwa breki zilizobuniwa zisimchoshe dereva wala zisichoke zenyewe. Kisha malipo ya waoshaji yanahesabiwa kwa idadi ya magari, kwa hiyo nusu saa ya kungoja breki zipoe hutoka mfukoni mwa kijana mwenyewe. Wenye magereji wangeilipa nusu saa hiyo kama wanavyolipa sabuni. Mpaka sasa, kule nilikomkuta, bado hawajailipa.