Mwavuli Mweupe: Juu ya Kusimama Mbele za Watu

Dansi ya Alvin Ailey iitwayo Revelations ilichezwa kwa mara ya kwanza New York mnamo Januari 1960. Ailey (1931–1989) aliitunga kutokana na kumbukumbu za kanisa la Kibaptisti la utotoni mwake huko Texas, na nyimbo za kiroho zilizozaliwa utumwani. Kwa kuwa kazi hii imeleta ibada jukwaani, yatupasa sisi wachungaji kuuliza: mchezaji avutaye macho ya watu wote anawaonyesha nini?

Sehemu ya kati ni ya ubatizo. Vitambaa virefu vinatikiswa mfano wa maji, na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anapita ameinua mwavuli mkubwa mweupe. Judith Jamison, aliyejiunga na kikundi hicho mwaka 1965, alipata sifa kubwa katika nafasi hiyo. Kimo chake na mkono wake ulionyooka vilijaza jukwaa. Lakini hapo ndipo tunapoona upungufu. Jicho linamfuata mwenye mwavuli, na wanaobatizwa wanasahauliwa. Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba maji pasipo Neno la Mungu ni maji tu. Ni kweli, jukwaa halikudai kuwa kisima cha ubatizo. Hata hivyo, mtazamaji anaondoka akiukumbuka mwavuli kuliko neema.

Baadaye mwanamume mmoja anabaki peke yake, akijiweka tayari kwa kufa. Anacheza karibu muda wote akiwa sakafuni: anainuka nusu, anasita, kisha anarudi chini. Hana mwavuli wala kitambaa. Walakini hakuna awezaye kugeuza macho, kwa maana mwili wake wote unasikiliza mwito usiotoka kwake. Kwetu sisi, hiki ndicho kilele cha kazi nzima, kuliko hata shangwe ya mwisho, ambapo wanawake wenye vipepeo huwaamsha watazamaji wapige makofi.

Tofauti hii inatuhusu. Sisi nasi tuna mwavuli wetu: kanzu, stola, sauti iliyozoezwa. Vyote hivi ni vyema vikiwaelekeza washarika kwenye kisima na meza ya Bwana. Lakini Jumapili ambayo washarika wanaisifu sauti yetu na hawalikumbuki Neno, tumejaza jukwaa tukaiacha madhabahu tupu. Yohana Mbatizaji alisimama mtoni mbele ya umati mkubwa, naye alijua ni nani aliyepaswa kuonekana.