Mkaa wa jikoni sio dawa ya kidonda

Umejikata na kisu pale machinjioni Vingunguti, jirani anakwambia: "Saga mkaa, weka hapo, mkaa unavuta sumu." Hoja hii inashawishi kwa sababu nusu yake ni kweli. Mkaa ulioamilishwa unanasa vitu kweli: vitundu vya gramu 1 tu vina eneo linalozidi mita za mraba 500, na hospitali huutumia kwa baadhi ya sumu zilizomezwa. Hata bandeji zenye mkaa zipo, ila kazi yake kubwa humo ni kunasa harufu ya kidonda, na kwa kawaida umefungwa ndani ya kitambaa.

Sasa huu wa gunia je? Haujaamilishwa kwa mvuke wala kemikali, na umelala kwenye udongo, makazi ya bakteria wa pepopunda. Halafu, kunasa sio kuua. Unga ukibaki ndani, unaweza kuacha doa jeusi la kudumu ngozini, na daktari anashindwa kuona kina cha jeraha.

Kwa hiyo kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikate, osha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Mkaa liachie jiko.