Sitashara

Waswahili wa zamani walikuwa na neno moja la kumi na sita: sitashara. Nyuma yake zilipangana hedashara, thenashara na nyingine mpaka hamstashara, ambayo ni kumi na tano. Siku hizi zimelala kwenye kamusi. Thenashara ndiyo husikika bado kanisani, wanapotajwa wanafunzi wa Yesu. Mimi nilizikumbuka nilipokuwa najifunza kuandika, kwa lugha ya C, programu ya kugeuza namba ya desimali kuwa ya heksadesimali.

Heksadesimali huhesabu kwa kumi na sita, kwa hiyo inadai alama moja kwa kila namba toka sifuri hadi hamstashara. Tarakimu zetu huishia tisa, basi kumi ikapewa A, hedashara ikapewa B, hivyo hivyo mpaka F. Faida yake ni kwamba biti nne hubeba thamani kumi na sita kamili, bila kuzidi wala kupungua. Baiti moja iliyojaa, ambayo kwa sifuri na moja huandikwa 11111111 hadi macho yakachoka, hapa ni FF tu. Kwetu sisi ni 255.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule. Chukua 1963, mwaka Kenya ilipopata uhuru. Gawanya kwa 16: unapata 122, baki 11. Gawanya 122: unapata 7, baki 10. Gawanya 7: unapata sifuri, baki 7. Programu yangu ya kwanza iliyachapa mabaki hayo kama yalivyotoka: BA7. Jibu ni 7AB. Mamoja huzaliwa kwanza lakini huandikwa mwisho.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Fundi hutenga nafasi tisa kwenye kumbukumbu: nane za tarakimu, kwa kuwa namba ya biti 32 haizidi hapo, na moja ya alama inayofunga maandishi, maana C haijui neno limeishia wapi mpaka iambiwe. Kisha anaanza kujaza toka kulia kwenda kushoto, kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate kwa herufi za Kiarabu. Baki la kwanza linakaa mwisho, la mwisho linakaa mbele, na neno linasomeka bila kupinduliwa.

Kosa langu la pili lilikuwa la dharau. Niliiambia programu: maadamu namba si sifuri, gawanya. Nilipoingiza sifuri, kioo kikabaki kitupu. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika kitabu chao cha C cha mwaka 1978, waligeuza namba kuwa maandishi kwa kutenda kwanza na kuuliza baadaye, ili hata sifuri ipate tarakimu yake. Mistari yao ni michache, na hakuna mgeni anayeachwa mlangoni.

La tatu ni herufi. Katika mpango wa ASCII, 9 ina namba 57 na A ina 65. Katikati zimejipenyeza alama saba. Ukiamini kwamba A inaifuata 9, utachapa nukta pacha. Wengine huruka pengo hilo kwa kujumlisha saba. Mimi napenda njia ya kuandika 0123456789ABCDEF kwa mpangilio, kisha baki lenyewe lichague: baki 11, chukua iliyo nafasi ya 11 ukihesabu toka sifuri. Msomaji ataielewa bila maelezo.

Kuna atakayesema haya yote ni kupoteza muda, kwa kuwa printf, chombo cha C cha kuchapa, ikipewa %X hufanya kazi hiyo mara moja. Ni kweli, na kazini naitumia kila siku. Lakini aliyewahi kuyapanga mabaki kwa mkono wake hashangai anapokuta namba imetoka kinyume, au mahali palipotakiwa sifuri pako patupu. Anajua pa kutazama.

Kwa hiyo, ukiwa na kijana anayejifunza C, mnyime printf siku ya kwanza. Mpe karatasi, kalamu na namba 2748. Mabaki yatamtokea C, B, A. Akiyapanga vizuri, atasoma ABC.