Kumjua Dereva kwa Stiki ya Oili

Magari yanayopanda Mbaga, Mamba na Vunta huchukua muda kujaa pale Same, na abiria mwenye subira anaweza kuutumia muda huo kuangalia jambo ambalo wengi hawalijali: dereva anavyopima oili. Tairi lenye kipara hata mtoto ataliona. Breki huwezi kuzijua mpaka uwe kwenye mteremko. Lakini namna mtu anavyochomoa stiki inakueleza hali ya injini na tabia ya mwenye usukani, na huchajiwi hata senti.

Kazi huanza kabla boneti halijafunguliwa. Tazama ameegesha wapi. Stiki hupima kina cha oili iliyotulia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na oili hufuata mteremko. Gari likiinamisha pua au likilalia ubavu, stiki ileile itasema imejaa au imepungua, kutegemea imechomekwa upande gani wa injini. Mjini Same hilo si shida. Shida iko juu, ambako gari la milimani hulala na kuamkia safari ya alfajiri, na ua wa nyumba nyingi kule umechongwa ubavuni mwa mlima. Anayepima palepale alipolaza gari amepima mlima. Dereva makini hulisogeza hadi kiwanja cha shule au cha kanisa, au husubiri ateremke mjini. Sakafu ya sheli nayo ina mwinamo kidogo wa kupitisha maji, lakini inatosha.

Pili, amezima injini lini? Oili iliyopanda juu kwenye valvu inahitaji dakika 5 hadi 10 kurudi chini. Mwenye haraka huona pungufu ambalo halipo, akaongeza, na kesho yake injini imejaa kupita kiasi. Kama ipimwe ya moto au ya baridi, kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Mimi napendelea asubuhi kabla ya kuwasha, kwa kuwa kila siku hali inakuwa moja na kipimo cha leo kinalinganishika na cha jana.

Kisha kitambaa, na hapa ndipo fundi hutengana na mbabaishaji. Upande huu wa Upare uko kwenye kivuli cha mvua, na vumbi lake ni jembamba. Ukishuka Makanya, malori ya jasi yanaongeza lake jeupe. Vumbi hilo hukaa kuzunguka mdomo wa bomba la stiki likingoja kuingia. Dereva mzuri hufuta mdomo ule kwanza, ndipo achomoe. Anayefutia stiki pindo la shati, au tambara aliloliokota chini ya gari, anairudisha na mchanga wake mwenyewe, na mchanga ule utasaga beringi bila kupiga kelele.

Mchomoo wa kwanza hausomwi. Oili imetapakaa kwenye bomba zima, kwa hiyo stiki hufutwa, huzamishwa mpaka mwisho, ndipo huchomolewa tena. Asiyezamisha mara ya pili hajapima kitu, hata akiitazama stiki kwa uso wa kidaktari. Ncha ibaki imeelekea chini au stiki ilazwe. Ukiinua ncha juu, oili inateleza kuelekea mkononi na alama inapotea. Zitazamwe pande zote mbili, kwani mara nyingi hazilingani, na upande wenye kiwango cha chini ndio unaoaminika. Kwenye Toyota nyingi utakuta herufi F juu na L chini, au vitundu viwili. Nafasi kati yake kwa gari dogo ni kama lita moja.

Kwa wenye Toyota Noah za zamani za otomatiki: humo kuna stiki mbili. Ile yenye oili nyekundu ni ya giaboksi, nayo hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma. Nimemwona mtu akiisoma hiyo na kuitangaza injini salama kabisa.

Kiwango ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye rangi, harufu na vidole. Oili mpya ya injini ya petroli ina rangi ya dhahabu, hukolea kuwa kahawia, hatimaye nyeusi. Ya dizeli huwa nyeusi ndani ya safari chache kwa sababu ya masizi, hivyo weusi peke yake usikutishe kwenye Land Rover ya dizeli. Sugua tone kati ya vidole viwili: ikikwaruza, vumbi limeshapita, na filta ya hewa ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Ikinuka petroli, mafuta yanavuja ndani ya silinda, na hapo kiwango kinaweza kupanda chenyewe. Dereva anayefurahi kwamba oili yake haipungui bali inaongezeka, shuka.

Ikiwa na weupe wa chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa. Lakini usihukumu haraka. Kwenye baridi ya vijiji vilivyo chini ya Shengena, kilele cha mita 2,462, gari linalokwenda safari fupi tu hukusanya unyevu, na ute mweupe hujitokeza chini ya kifuniko cha oili huku stiki ikiwa safi. Likimbize gari barabara kuu, lipate moto sawasawa, kisha litazamwe upya. Utani wa nchi hii unasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku; basi na kwa gasketi adai ushahidi vilevile kabla hajalipa.

Taa ya oili kwenye dashibodi si mbadala wa stiki. Taa hupima presha, haipimi kiwango. Kwenye kona za kupanda Usangi kutoka Mwanga, injini yenye oili kidogo inaweza kuvuta hewa pale oili inapokimbilia upande mmoja wa sampu. Taa inamulika, kisha inazimika gari likinyooka. Dereva husema waya umelegea. Huenda. Lakini asimame apime kwanza, na kabla ya kupanda aache kiwango kikiwa karibu na F.

Mteremko nao una lake. Dereva anaposhuka kwa gia bila kukanyaga mafuta, silinda za petroli hufyonza kwa nguvu. Akikanyaga tena chini, tazama nyuma: wingu la buluu kwa mkupuo mmoja ni sili za valvu. Moshi ukitoka wakati wa kupanda na mzigo, shuku ringi, na hiyo ni bei nyingine kabisa.

Kwa hiyo muulize: inakula oili? Akijibu "haili hata kidogo, mzee wangu," sina imani naye. Akisema "robo lita kwa wiki, na wiki ya mvua zaidi kidogo," huyo nampa nauli. Vitabu vya Toyota hutaja hadi lita 1 kwa kilometa 1,000 kuwa ndani ya kiasi. Hizo ni kama safari tano za Same na Moshi, kwenda na kurudi. Gari zima kabisa linaweza kutoka F hadi L kwa mwendo huo. Na lile la mlimani hupanda kwa gia ndogo, kilometa chache kwa saa nyingi za injini, hivyo stika ya mlangoni inayosema umwage oili baada ya kilometa 5,000 imeandikwa kwa ajili ya lami. Mimi ningemwaga mapema.

Kuongeza ni kwa robo lita: mimina, ngoja, pima tena. Ikivuka F, krankshafti huikoroga hadi itoe povu, na povu halibebi beringi. Iliyozidi inyonywe au ifunguliwe nati ya sampu, hata kama abiria wameshakaa na wanapiga mluzi.