Mikono kwenye Usukani

Mwaka 2017 niliitazama The Fate of the Furious kwenye kibanda umiza, msichana pekee kwenye benchi la mbele. Filamu inaanzia Havana. Dom Toretto, anayechezwa na Vin Diesel, anashinda mbio kwa gari kuukuu, injini ikiwaka moto, naye anamalizia kinyumenyume. Kibanda kizima kilisimama kushangilia. Gari si kitu, tuliambiwa. Mwanamume aliyeshika usukani ndiye kila kitu.

Baadaye tunafika New York. Cipher (Charlize Theron) anatumia kompyuta kuyateka magari ya watu, yakamiminika barabarani bila dereva, mengine yakidondoka kutoka ghorofa za maegesho. Mwongozaji F. Gary Gray anayaonyesha kama kundi la mizuka, na anayeyatuma ni mwanamke asiyegusa usukani.

Nimeirudia filamu hiyo juzi, wakati huu ambapo teksi za Waymo zinabeba abiria San Francisco bila dereva, nikaona jambo ambalo kibandani hatukulijali. Cipher amemteka mtoto wa Dom. Dom anabadili gia, anakanyaga mafuta, anakata kona, lakini kila safari ametumwa. Gari linaloendeshwa kutoka mbali ni yeye mwenyewe. Hapo filamu imegusa ukweli, kisha inaukimbia: mtoto akishaokolewa, Dom anarudishiwa ubabe wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Namjua mwanamume wa aina hiyo. Baba aliendesha lori la Tunduma miaka mingi. Mtaani walimwita suka, na jina lilimkaa. Lakini saa ya kuondoka, mzigo na hata pa kulala, vyote vilipangwa na bosi kwa simu. Presha ya macho ilipomtoa barabarani, aliniambia, "Mwanangu, sasa mimi ni mzigo." Hakusema abiria.

Neno hilo hakufundishwa na filamu, ila filamu kama hii hulipigia makofi. Gari linalojiendesha lingeweza kumpeleka kliniki bila kumsubiri binti yake. Kabla ya hapo tunahitaji hadithi ambamo mwanamume anakaa kiti cha abiria na heshima yake ikabaki palepale.

Kwa sasa namwendesha mimi. Kila tukikaribia tuta, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo.